Maswali ya wasomaji: Nimefanya kazi ya farasi miaka yote hii, nikitoka hapa nitaenda wapi?

Mwezi huu Shangazi ameamua kujibu barua za watu wa farasi peke yake. Zimekuwa zikija moja moja, za masaisi, yaani watunza farasi, za waendeshaji, na moja ya mke wa saisi, na zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti. Tumezifupisha kidogo na majina tumeyaacha nje.

SWALI

Hujambo Shangazi. Mimi ni saisi huku upande wa Ngong Road, niko na miaka 41. Nilianza kazi ya farasi nikiwa kijana mdogo nimetoka tu shule, mjomba alikuwa saisi akaniingiza, na tangu hapo sijawahi kufanya kazi ingine yoyote. Nimeshika farasi wa resi, nimelala kwa banda na farasi mgonjwa, nimesafiri nao kwa lori usiku. Sasa mgongo umeanza kukataa, nikiinua ndoo mbili za maji asubuhi nasikia kama kisu. Halafu bosi anapunguza farasi, walikuwa wengi sasa wamebaki wachache, na amesema mwaka ujao huenda akafunga kabisa. Niko na watoto watatu, mkubwa ako sekondari. Kila mtu nikimwambia nataka kubadilisha kazi ananijibu wewe unajua farasi tu, nenda ukawe soja wa geti. Nafikiria kumwandikia bosi barua niache mwisho wa mwezi huu nianze kutafuta. Lakini pia kuna farasi mmoja jike nimemlea tangu azaliwe, nikiwaza kumuacha naona kama namsaliti. Nianzie wapi na sina cheti hata kimoja?

Saisi, Dagoretti

JIBU

Sijambo kaka, pole sana na mgongo. Hiyo barua ya kuacha kazi naomba uiweke chini kwanza, usiiandike mwezi huu wala ujao. Sababu ni hii: umesema bosi huenda akafunga. Mwajiri akifunga biashara ama akipunguza watu kwa sababu kazi imeisha, sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inamtaka akupe notisi ya angalau mwezi mmoja, amjulishe pia afisa wa leba, akulipe siku zako za likizo ambazo hukuenda, na juu ya hiyo akulipe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza kazini. Piga hesabu ya miaka yako wewe mwenyewe uone. Ukiacha kwa hiari yako wiki mbili kabla afunge, hiyo pesa ya kila mwaka huna. Nimeona watu wakiondoka kwa hasira ama kwa haraka na wenzao waliobaki wakaondoka na kitu cha kulipa karo, inauma sana.

Sasa tuje kwa hiyo maneno ya "unajua farasi tu". Imeniudhi kuliko yote uliyoandika.

Mimi nimekaa na masaisi nikawaangalia kazini. Saa kumi na moja alfajiri, giza bado, saisi anaingia kwa banda na kabla hajasema neno ameshaangalia kama chakula cha jana kimeisha, ameangalia mavi ni mengi ama kidogo na yako aje, ameangalia kama matandazo yamevurugwa maana farasi anayesokotwa na tumbo hujigaragaza usiku kucha, na farasi hawezi kutapika kwa hivyo tumbo lake likikwama ni hatari ya kufa. Halafu anainama anapitisha kiganja kwa mguu wa mbele, kutoka goti kushuka chini polepole mpaka kwa kifundo, kisha anahamia mguu wa pili, anarudi tena wa kwanza, analinganisha joto. Kano ikiwa na joto kidogo tu, joto ambalo mimi nikigusa sisikii chochote, anamwita trena anamwambia huyu leo asikimbizwe. Na farasi bado hachechemei, ukimwangalia kwa macho ako sawa kabisa. Angekimbizwa asubuhi hiyo kano ingeweza kuchanika na msimu wote ukaenda, pengine na maisha yake ya resi yakaishia hapo.

Hiyo kazi wewe unaifanya kila siku bila kusimamiwa na mtu. Unajua joto la mwili wa farasi mzima liko kati ya digrii 37.5 na 38.5, unajua moyo wake akiwa ametulia unapiga kama mara 28 hadi 44 kwa dakika, unajua ufizi ukibadilika rangi umwite daktari saa ileile usingoje kukuche. Unapima chakula, unatoa dawa vile daktari ameagiza, unakumbuka tarehe ya kwato na ya dawa ya minyoo. Shida ni kwamba haya yote hujawahi kuyaandika mahali, na mtu akikuuliza unafanya kazi gani unamjibu "nashika farasi".

Kwa hivyo kazi yako ya wiki hii ni kununua daftari. Andika siku yako moja kuanzia unaamka mpaka unalala, kila kitu hata kile unaona ni kidogo, halafu mtoto wako wa sekondari akae na wewe muandike upya kwa maneno ambayo bosi wa kazi ingine anaelewa. Usiandike umeshika farasi. Andika wanyama wangapi wako chini yako, kwamba wewe ndiye wa kwanza kugundua ugonjwa, kwamba unatoa matibabu kwa maagizo ya daktari, kwamba umefundisha masaisi wapya, na kama umefundisha wangapi taja, kwamba umewahi kuachiwa banda zima bosi akiwa safarini. Hiyo ndiyo CV yako na inatosha ukurasa mmoja.

Kazi gani sasa? Mimi nikiangalia nilipo naona mbili zinazokufaa, nitakuambia na ubaya wake pia.

Ya kwanza ni ng'ombe wa maziwa. Kutoka Dagoretti kwenda Kikuyu, Limuru, Githunguri, kote huko kuna mashamba ya maziwa na malalamiko ya wenye shamba ni yaleyale, kwamba wafanyakazi hawaangalii mnyama mpaka aanguke. Mkono unaosikia joto la kano utasikia joto la kiwele kabla maziwa hayajaharibika, maana ugonjwa wa kiwele huanza hivyohivyo, robo moja inakuwa na joto, inakuwa ngumu kidogo, na mkamuaji asiyejali anapita tu. Lakini usiende ukidhani ng'ombe ni farasi mwenye pembe. Ng'ombe anacheua, tumbo lake lina sehemu nne, chakula chake na hesabu zake ni tofauti, joto lake la kawaida liko juu ya la farasi kidogo, na kuna mambo ya kujua ng'ombe ako tayari kupandwa ambayo lazima ukae chini ya mtu akufundishe. Ubaya wake ni mgongo wako. Kukamua kwa mkono na kubeba nyasi kutakumaliza, kwa hivyo tafuta shamba kubwa kidogo wanaotumia mashine, na uombe kazi ya kusimamia mifugo na kuweka rekodi, usiombe ya kibarua.

Na ukitaka kwenda mbele zaidi kwa njia hiyo, chuo cha serikali cha afya ya mifugo, AHITI, kiko hapo Kabete karibu na wewe. Nenda mwenyewe uulize alama wanazotaka na karo, usitume mtu. Nasisitiza jambo moja hapa kwa sababu masaisi wengi mnajua kudunga sindano: usianze kuzunguka mtaani ukitibu mifugo ya watu kwa pesa kabla hujasoma na kusajiliwa na Bodi ya Mifugo, yaani Kenya Veterinary Board. Tangu sheria ya 2011 hiyo ni kosa, haijalishi mkono wako ni mzuri kiasi gani.

Ya pili ni ngozi. Umeniambia hujawahi kufanya kazi ingine lakini sidhani kuna saisi wa miaka mingi ambaye hajawahi kushona hatamu iliyokatika ama mkanda wa tumbo wa tandiko usiku wa kuamkia resi. Huo mshono wa sindano mbili na uzi wa nta ndio wanaotumia mafundi wa mikoba na mikanda mizuri. Nenda soko la Kariokor siku moja hauko zamu, uangalie wale mafundi wa sandali na mikanda wanavyofanya, ukae na mmoja umuulize maswali. Hii ni kazi ya kukaa, mgongo utakushukuru, na unaweza kuanza usiku nyumbani ukiwa bado umeajiriwa. Ukishakuwa na mkono mzuri, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, NITA, hupima mafundi wa kazi za mikono kwa gredi, unaanza na gredi ya tatu na unapewa cheti hata kama hukusoma chuo. Pia kuna mpango wa kutambua ujuzi uliopata kazini, uko chini ya mamlaka ya sifa za kielimu, KNQA, unapimwa kwa kile unachoweza kufanya. Uliza chuo cha ufundi kilicho karibu ni fani zipi wanapima.

Soja wa geti ni kazi halali na sitaidharau, kuna watoto wamesomeshwa nayo hapa Nairobi. Ila wewe ukienda huko utakuwa umeacha kila kitu unachojua nje ya geti, na usiku kucha wa kusimama si dawa ya mgongo.

Kuhusu huo mgongo, nenda hospitali sasa ukiwa bado kazini, upigwe picha, uweke karatasi zote. Kama kuna siku maalum uliumia, farasi alikupiga teke ama ulianguka na gunia, mwambie bosi kwa maandishi, hata meseji ya simu ni kitu. Sheria ya fidia kwa walioumia kazini inataka madai yapelekwe ndani ya miezi 12 tangu ajali, ukikaa kimya ukiona aibu muda unapita.

Vitu vya kuchukua kabla ya siku ya mwisho: cheti cha huduma, yaani karatasi ya mwajiri ya kuonyesha ulifanya kazi hapo, rekodi yako ya NSSF uhakikishe michango ilikuwa inafika, na barua fupi kutoka kwa daktari wa farasi anayekuja hapo bandani, kwa sababu yeye ndiye amekuona ukifanya kazi na neno lake kwa mwenye shamba la ng'ombe lina uzito kuliko la bosi.

Na huyo jike wako. Kaka, sioni usaliti hapo. Usaliti ungekuwa kuondoka na kila kitu unachojua juu yake kichwani mwako. Mwandikie ukurasa wake kwa hilo daftari: anapenda kuguswa upande gani kwanza, anaogopa nini, mguu gani uliwahi kumsumbua na ilikuwa lini, anakunywa maji vipi akiwa safarini, dawa gani ilimkataa. Mpe saisi atakayemchukua, ama mnunuzi kama atauzwa, na mkae naye siku kadhaa pamoja. Farasi wanaobadilishwa mikono bila maelezo ndio huumia. Na resi za Ngong ni Jumapili, ukimkumbuka nenda umwone.

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mimi kijana wa Malindi, niko Al Ain huku Emirates, saisi kwa mzee mmoja ana farasi za mbio za masafa marefu. Nimekaa miaka minne, mkataba unakwisha baada ya msimu na joto la huku nimechoka nalo. Nimeweka akiba si haba. Rafiki zangu nyumbani wanasema ninunue tuktuk mbili, mwengine aniambia nisirudi, nihamie kazi ya hoteli hukuhuku Dubai maana Kiarabu nakijua vizuri. Mimi kitu nakijua kwa hakika ni farasi na majani yao. Nishauri.

Kijana wa Malindi

JIBU

Marahaba mwanangu. Kabla hujajibu mtu yeyote kuhusu hoteli, toa viza yako na mkataba uangalie umeandikwa kazi gani na mdhamini ni nani, mtu ama kampuni. Huko Emirates saisi wa farasi za nyumbani kwa mtu binafsi amewekwa kwa orodha ya wafanyakazi wa nyumbani, pamoja na mpishi na dereva wa familia, na wao wana sheria yao peke yao, ya mwaka 2022, si ile ya wafanyakazi wa makampuni. Kwa hivyo mambo ya kuhama, ya malipo ya mwisho, ya tiketi ya kurudi, usisikilize rafiki anayefanya kazi supamaketi akikueleza yake, yenu si sawa. Wizara yao ya kazi ina namba ya simu na aplikesheni, uliza wewe mwenyewe kwa hicho Kiarabu chako kizuri. Na usikubali kuvuka tarehe ya viza hata siku moja kwa ahadi ya hoteli ya mdomo.

Sasa kwa maoni yangu, na nayasema kwa moyo wangu wote, tuktuk zimejaa Malindi. Utakuwa unashindana na kila mtu aliyeweza kukopa. Lakini umeandika neno moja umelipita haraka, majani. Wewe umeshika majani makavu ya kila aina kwa sababu nchi hiyo ni jangwa na malisho mengi yanaingia kwa meli, umefungua mabunda elfu na elfu, unajua kwa pua tu bunda lililoota ukungu, unajua vumbi likitoka kwa wingi farasi atakohoa, unajua bunda lililofungwa likiwa bichi linapata joto ndani kwa ndani na ghala linaweza kushika moto lenyewe. Nyumbani watu wengi wanaouza majani hawajui hayo, wanauza tu uzito.

Na nyumbani shida ipo. Ile miaka ya ukame kuanzia mwisho wa 2020, mvua zilikataa misimu mitano mfululizo, ng'ombe wa Ganze na wa Tana River walikufa watu wakiangalia, na hata hawa wa maziwa wa mjini mwenye ng'ombe akawa anahangaika na gunia la nyasi za barabarani. Biashara ya malisho ni ya kununua wakati wa mvua majani yakiwa bei ya chini, unayaweka vizuri, unauza kiangazi. Kinachowashinda wengi ni hapo katikati, kuyaweka. Juu mabati yasiyovuja, chini mbao ili yasiguse sakafu, pembeni hewa ipite, na unyevu wa pwani unaujua. Wewe hapo ndipo una nguvu.

Usitie akiba yote. Tia sehemu, msimu mmoja, ghala la kukodi, uone wanunuzi ni nani na wanalipa vipi, wengi watataka mkopo mpaka maziwa yalipwe, hilo ulijue mapema. Pita kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO pale Mtwapa uwaulize majani gani yanakubali pwani, huenda mbele ukapanda yako mwenyewe. Nyasi ya Boma Rhodes inayotoka bara ni nzuri lakini lori kutoka huko mpaka Malindi linakula faida, piga hesabu kwanza na mwenye lori halisi, usipige ya kichwani.

Na usiitupe kazi yako ya hizo mbio za masafa marefu. Mtu anayejua kumshusha farasi mapigo ya moyo mpaka chini ya 64 kwa dakika pale kwa kituo cha daktari baada ya kilomita zote hizo, kwa maji, kwa kivuli, kwa kumtembeza, huyo anajua mnyama aliyelemewa na joto. Wenye ng'ombe wa kigeni huko pwani wanapoteza maziwa kila mwaka kwa sababu ya joto hilohilo. Ukimuuzia mtu bunda na ukamwelekeza namna ya kumpoza ng'ombe wake, atarudi kwako.

SWALI

Habari Shangazi. Mimi ni msichana wa miaka 25, nimekuwa nikiendesha farasi wa resi mazoezini asubuhi na mara chache siku ya mashindano. Mwaka jana nilianguka, mtulinga ukavunjika, nikapona nikarudi, lakini sasa farasi akiruka kidogo tu mikono inatetemeka. Sijamwambia mtu. Tena kukaa na njaa ili uzito usipande kumenichosha. Kuna mtu amenieleza kuhusu kuongoza watalii kwa farasi. Nikiacha nitaonekana mwoga?

Mwendeshaji, Nairobi

JIBU

Binti yangu, asante kwa kuniambia mimi kwanza. Sasa mwambie trena wako, kesho kama inawezekana. Mikono ikitetemeka farasi anaisikia kupitia hatamu, na farasi wa resi akisikia hofu juu ya mgongo wake naye anashtuka, kwa hivyo hapa si heshima yako tu inayohesabiwa, ni shingo yako na za wengine mnaokimbia pamoja. Mwoga ni neno la watu waliokaa nje ya uzio.

Uingereza majoki, yaani waendeshaji wa resi, wana mpango wao maalum, JETS, unaowasaidia kusoma kazi ingine wakiwa bado wanaendesha, kwa sababu kila mtu huko anajua kazi hiyo inaisha mapema, kwa ajali ama kwa uzito. Hilo la kuanza ukiwa bado ndani ndilo nataka ulichukue. Punguza farasi wa asubuhi, baki na wale watulivu, na wakati unaobaki usome.

Kuongoza watalii kwa farasi ipo kweli, Laikipia, Mara, kule Chyulu. Lakini fikiria vizuri kabla, maana pale unaongoza wageni ambao wengine hawajui kuendesha vizuri, na ndovu akitokea kwa kichaka wewe ndiye unayeamua mgeuke kwa utulivu ama msimame, na farasi wako lazima akuamini. Kwa hali uliyo nayo sasa nisingekutuma huko mwaka huu. Ningekutuma kusoma uongozaji wa kawaida, wa gari, ufanye mtihani wa ngazi ya shaba wa KPSGA, chama cha waongoza safari wa Kenya, kisha ukipata moyo tena farasi watakuwepo. Mtu anayejua kusoma masikio ya farasi hatakuwa mgeni kwa masikio ya ndovu.

Njia ingine ni kufundisha watoto kuendesha, Karen na kando yake kuna wazazi wanaolipia. Huko unasimama chini, unashika kamba, na mtu aliyewahi kuanguka hufundisha kuanguka vizuri kuliko yule ambaye hajawahi. Mimi ningeanzia hapo. Na ule, binti yangu, ule chakula kamili, mfupa uliovunjika na mwili wenye njaa haviendi pamoja.

Halafu kuacha si kufunga mlango. Beryl Markham alilelewa hapa Kenya, akapata leseni ya ukufunzi wa farasi wa resi akiwa bado na umri mdogo sana, akaacha akaingia kwenye ndege, na Septemba 1936 akavuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza mpaka Kanada. Miaka mingi baadaye akarudi Kenya kwa farasi wake na akashinda Kenya Derby mara sita kama trena. Najua alikuwa mtoto wa mlowezi, alikuwa na ardhi na marafiki wenye pesa ambao wewe huna, kwa hivyo sikuambii uende ukawe rubani. Nakuambia tu kwamba aliondoka na farasi wakampokea tena.

SWALI

Shangazi, mume wangu alikuwa saisi kwa miaka mingi kwa mtu binafsi, akaambiwa siku moja tu kazi imeisha. Ameomba barua ya kuonyesha alifanya kazi hapo, ameambiwa hakukuwa na mkataba wa maandishi kwa hivyo hakuna barua. Sasa kila mahali anaulizwa umetoka wapi. Ni kweli hawezi kupewa?

Mama wa nyumbani, Ngong

JIBU

Si kweli dada yangu. Kifungu cha 51 cha ile sheria ya ajira ya 2007 kinasema mwajiri lazima atoe cheti cha huduma kazi ikiisha, isipokuwa kama mtu alifanya kazi chini ya wiki nne mfululizo. Mkataba wa mdomo pia ni mkataba. Kinatakiwa kuonyesha jina la mwajiri na anwani, jina la mfanyakazi, tarehe aliyoanza na aliyomaliza, na aina ya kazi. Kukataa kwa makusudi ni kosa, faini yake inaweza kufika shilingi laki moja ama kifungo cha mpaka miezi sita. Mume wako aombe tena kwa maandishi, kwa upole, anukuu kifungu hicho, aweke nakala. Akikataliwa aende ofisi ya leba ya kaunti yenu, ni bure, abebe meseji za M-Pesa za mshahara, picha akiwa na farasi, na jina la saisi mwenzake mmoja aliye tayari kusema alimwona hapo. Akiwa huko aulize pia kuhusu notisi, kwa sababu mtu anayelipwa kwa mwezi haambiwi leo kazi imeisha leo, anapewa siku 28 ama analipwa badala yake.